Betri ya pikipiki haishiki chaji: pima kwanza, kununua baadaye

Mdogo wangu anaendesha bodaboda hapa Tanga. Ndani ya miezi mitano alinunua betri mbili. Ya kwanza ilipolegea aliambiwa dukani kwamba betri za siku hizi hazidumu, akatoa pesa akachukua nyingine. Ya pili nayo ikaanza yale yale: asubuhi selfu inagonga mara moja na kunyamaza, honi inakoroma, indiketa zinawaka bila kupepesa. Aliponiletea pikipiki nilikaa nayo jioni moja na mita ya bei ndogo. Betri ilikuwa nzima. Koili nzima, rektifaya nzima. Kilichokuwa kibovu ni soketi ya plastiki chini ya tangi, kubwa kama kidole gumba, pini yake moja imeungua. Nitaifikia.

Mtu anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hawezi kununua betri kwa kubahatisha. Na kazi ya kutafuta tatizo la chaji haihitaji gereji, inahitaji mita, mwanga wa kutosha na kufuata mpangilio.

Umeme unapita wapi

Pembeni mwa injini, kwa pikipiki nyingi upande wa kushoto, kuna sumaku inayozunguka pamoja na krenki (mhimili mkuu wa injini), na ndani yake kuna koili zilizotulia, yaani nyaya za shaba zilizozungushwa. Sumaku ikizunguka, koili zinatoa umeme wa AC (unaobadili mwelekeo kila mara) ambao unapanda kadiri unavyoongeza resi. Umeme huo unapita kwenye soketi na kuingia rektifaya, kile kidude cha bati chenye mapezi ya kupooza joto. Rektifaya inaugeuza kuwa DC (unaokwenda upande mmoja tu) na kuuzuia usivuke volti 14.5 hivi. Kutoka hapo unapita kwenye fyuzi na waya mwekundu hadi kwenye betri, na kurudi kupitia bodi, yaani chuma chenyewe cha pikipiki.

Kabla hujapima chochote, fuata nyaya zinazotoka kwenye injini kwenda kwenye rektifaya uzihesabu. Ukikuta tatu za rangi moja, mara nyingi njano, una mfumo wa nyaya tatu ambao koili zake hazigusi bodi kabisa. Ukikuta mmoja mweupe au wa pinki na mmoja wa njano, kama ilivyo kwenye pikipiki nyingi ndogo za Kichina za cc 125 na 150, una mfumo wa koili moja iliyogawanywa: mweupe ni wa kuchaji, wa njano ni wa taa, na ncha ya koili imefungwa kwenye chuma cha injini. Tofauti hii usiisahau. Imesababisha koili nyingi nzima kutupwa, na nitaeleza kwa nini.

Kwenye aina hiyo ya pili, taa ya mbele mara nyingi inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye waya wa njano, wala haipiti kwenye betri. Dereva anapiga resi usiku, anaona taa inang'aa, anasema chaji ipo. Hapana. Taa inaweza kung'aa kama mchana na betri isipate hata tone. Vivyo hivyo na pikipiki kuwaka kwa kiki bila betri: CDI (kifaa kinachopanga cheche ya plagi) nyingi zina koili yake ya kujitegemea, kwa hiyo kuwaka kwake si ushahidi wa chaji.

Mita na tahadhari

Mita ya kawaida ya mkononi inatosha. Kwa betri unaiweka kwenye DC 20, ile alama ya V yenye mstari ulionyooka. Kwa koili unaiweka kwenye AC 200, alama ya V yenye wimbi. Waya mwekundu wa mita ukae kwenye tundu la volti na omu (kipimo cha ukinzani wa waya). Ukiuacha kwenye tundu la 10A kisha ukagusa betri, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Cheche zitaruka na mita itakufa.

Jambo moja wengi hawalijui: mita hizi zinatumia betri ndogo ya volti 9, na ikichoka mita inaanza kusoma juu kuliko ukweli. Nimewahi kuona betri ya pikipiki ikisomwa volti 16 wakati mita ndiyo iliyokuwa na njaa. Ukipata namba ya ajabu, badilisha kwanza betri ya mita.

Washa injini nje tu, kamwe si ndani ya chumba; moshi wa ekzosi unaua kimyakimya. Betri inayochajiwa inatoa gesi inayoshika moto, kwa hiyo sigara na cheche zikae mbali. Ukifungua betri anza na hasi, ukirudisha malizia na hasi. Asidi ikikugusa, osha kwa maji mengi papo hapo.

Na tafadhali usikubali mtu akuchomolee betri injini ikiwa inanguruma ili "aone kama chaji ipo". Betri ndiyo inayotuliza umeme wote wa pikipiki. Ukiichomoa, volti zinaruka juu ghafla, na katika sekunde hiyo rektifaya, CDI na balbu zinaweza kuungua. Aliyekuja na tatizo moja anaondoka na matatu.

Hatua ya kwanza: betri ikiwa imelala

Pima asubuhi kabla ya kuwasha, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha. Kama huwezi kusubiri, washa taa zinazotumia betri kwa dakika moja, zima, kisha pima. Ukipima mara tu baada ya safari utadanganywa na chaji ya juujuu.

Gusa nguzo zenyewe za betri, si skrubu wala kichwa cha waya. Volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa. Betri kavu inaweza kufika hata 13. Ikiwa 12.4 imebaki na robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, na chini ya 11.8 haina kitu. Namba inayogoma karibu na 10.5 hata baada ya kuchaji maana yake chumba kimoja kati ya sita kimekufa, kwani kila chumba hutoa volti 2.1. Hiyo ndiyo betri ya kununua nyingine.

Betri ya maji itazame pembeni kwenye mistari ya juu na ya chini. Kama maji yameshuka, ongeza maji safi ya betri yasiyo na asidi. Maji ya kisima hapa pwani yana chumvi, yanaua sahani za ndani, na asidi ya kuongezea haitakiwi kwa sababu kilichopungua ni maji tu.

Betri iliyo chini ichaji kwa chaja kabla ya kuendelea, la sivyo vipimo vyote vinavyofuata vitakuchanganya. Chaji kwa sehemu ya kumi ya ukubwa wake: betri ya 5Ah (Ah ni ampea kwa saa, ukubwa ulioandikwa kwenye betri) kwa ampea 0.5, ya 9Ah kwa 0.9, kwa saa kumi na zaidi kidogo. Chaja kubwa ya magari bila kipimo huichemsha.

Ikijaa, iache saa kadhaa kisha ijaribu kwa mzigo. Weka mita kwenye nguzo na upige selfu huku ukitazama namba. Kama volti hazishuki chini ya 9.6 hivi, betri ina nguvu. Ikianguka hadi 7 au 8, imechoka hata kama ilisoma 12.6 ilipokuwa imetulia. Betri iliyoachwa tupu kwa wiki nyingi mara nyingi hufika hapo.

Hatua ya pili: injini ikinguruma

Mita ibaki kwenye nguzo, DC 20. Washa injini na uiache resi ya chini. Pikipiki ndogo hapo inaweza kusoma 12.8 au 13 tu, usiogope. Sasa ongeza resi taratibu hadi mlio unaousikia ukiwa barabarani kwa kilometa 50 kwa saa. Namba inatakiwa kupanda na kutulia kati ya 13.5 na 14.5. Washa taa, kanyaga breki, pima tena. Isishuke chini ya 13 kwenye resi hiyo.

Ikiwa inapanda vizuri, mfumo wa chaji ni mzima, na kinachomaliza betri ni kitu kingine: betri yenyewe, kitu kinachonyonya usiku, au mzigo uliozidi. Nenda hatua ya tano.

Ikiwa haipandi, au inashuka kadiri unavyoongeza resi, chaji haifiki. Nenda hatua ya tatu.

Ikiwa inapanda hadi 15 na kuvuka, zima injini. Betri inachemka. Dalili zake ni harufu kali ya asidi, maji kuisha kila wiki na balbu kuungua ovyo. Mara nyingi ni rektifaya, lakini angalia kwanza kama bodi yake imekaza vizuri kwenye chuma. Rektifaya zenye nyaya tano huwa na mmoja mweusi unaokwenda swichi ya funguo, kazi yake ni kuisomea volti. Swichi ikiwa na kutu, rektifaya inasoma volti pungufu, inadhani betri ina njaa na kuilisha kupita kiasi. Kusafisha swichi kumeokoa rektifaya nyingi.

Hatua ya tatu: nyaya na soketi, ambako mara nyingi ndiko kwenye ugonjwa

Mafundi wengi huruka hapa moja kwa moja hadi kwenye rektifaya. Mimi huanzia hapa, kwa sababu hapa hapagharimu kitu.

Fyuzi kwanza. Itoe, itazame dhidi ya mwanga, kisha ipime, kwani fyuzi inaweza kuonekana nzima ikawa imekatika chini ya kofia. Kagua pia kishikio chake. Vingi huota kutu ya kijani.

Kisha pima volti zinazopotea njiani. Kipimo hiki ni rahisi na kinasema ukweli kuliko macho. Injini ikiwa inanguruma kwa resi na taa zimewaka, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye waya mwekundu unaotoka rektifaya, ukiingiza ncha kwa nyuma ya soketi bila kuichomoa. Mita itaonyesha ni volti ngapi zinazopotelea kati ya hapo na betri. Chini ya 0.3 ni sawa. Ikiwa 1 au zaidi, kuna pingamizi: fyuzi, soketi au waya uliooza ndani ya ngozi yake. Rudia upande wa hasi: ncha moja nguzo hasi, nyingine kwenye bati la rektifaya, kisha kwenye chuma cha injini. Boliti ya waya wa bodi iliyopakwa rangi au kushika kutu imewahi kuua chaji ya pikipiki nzima.

Sasa ile soketi ya mdogo wangu. Iko kati ya injini na rektifaya, inapitisha umeme wote wa chaji, na iko mahali pa joto. Nilipoichomoa, pini tatu zilikuwa za shaba ya kawaida. Ya nne, ya waya mweupe, ilikuwa ya bluu iliyofifia kama chuma kilichopitia tanuru, na plastiki iliyoizunguka imegeuka kahawia na kulainika hadi pini ilicheza nilipoitikisa kwa ukucha. Sentimita mbili za mwanzo za ngozi ya waya zilikuwa ngumu kama ganda kavu, na nilipozikata shaba ndani ilikuwa nyeusi.

Kosa la namna hii lina hila. Nilipopima koili soketi ikiwa imechomolewa, ilitoa volti nzuri kabisa. Umeme usio na mzigo unapita hata kwenye pini iliyoungua. Ni pale ulipounganishwa na kuanza kubeba ampea ndipo ulipokwama. Kwa hiyo niliirudisha soketi, nikawasha injini, nikaweka mita kwenye AC, ncha moja upande wa injini wa ile pini na nyingine upande wa rektifaya wa pini hiyo hiyo. Katika soketi nzima hapo unasoma karibu na sifuri. Mimi nilisoma volti 9. Zilikuwa zinageuka joto ndani ya kipande cha plastiki.

Kama huna subira ya kipimo hicho, endesha dakika kumi, zima, kisha shika kila soketi kwa vidole ukiwa mwangalifu. Soketi ya moto kuliko wenzake ndiyo ya kufungua.

Hatua ya nne: koili na rektifaya

Nyaya zikiwa safi na bado hakuna chaji, zima injini na uchomoe soketi ya koili kutoka rektifaya. Mita kwenye AC 200. Washa injini.

Kwa mfumo wa nyaya tatu, pima kila jozi: wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu. Zote ziwe karibu sawa na zipande pamoja na resi. Nyingi husoma 15 hadi 20 kwenye resi ya chini na kuvuka 50 kwenye resi ya juu. Jozi moja ikiwa chini sana ya nyingine, koili imeungua. Kwa mfumo wa waya mweupe, pima kati ya huo mweupe na chuma cha injini. Namba yake ni ndogo zaidi, unachotafuta ni ipande wazi kila unapoongeza resi. Ikigoma chini, koili ina shaka.

Zima injini, pima omu. Kwanza gusanisha ncha za mita zenyewe uone zinasoma ngapi, kisha utoe hiyo kwenye jibu. Koili ya nyaya tatu husoma kati ya 0.1 na 1.5 hivi kwa kila jozi, na haitakiwi kugusana na bodi hata kidogo. Ikigusana imeungua.

Hapa ndipo penye ule mtego. Maelekezo mengi yameandikwa kwa pikipiki kubwa za nyaya tatu, yanasema koili inayogusa bodi ni mbovu. Kwenye pikipiki yenye waya mweupe na wa njano, koili kugusa bodi ndivyo ilivyotengenezwa. Ukifuata maelekezo hayo utang'oa koili nzima, utapoteza gasketi na oili, na utanunua nyingine itakayosoma vilevile.

Pima koili injini ikiwa ya moto pia. Iliyoanza kuungua huweza kusoma vizuri ikiwa baridi na kuanguka baada ya nusu saa ya safari. Mteja anayesema "asubuhi inachaji, mchana haichaji" msikilize.

Koili nzima, nyaya safi, fyuzi nzima, betri nzima na bado volti hazipandi? Sasa ni rektifaya. Ile ya mfumo wa nyaya tatu unaweza kuipima kwa alama ya dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye mita: upande mmoja isome 0.4 hadi 0.7, ukigeuza ncha isisome kitu. Ikisoma pande zote mbili imekufa. Ikijibu vizuri bado haijathibitishwa, maana sehemu yake ya kuzuia volti haionekani kwa kipimo hiki, ndiyo maana naiacha mwisho. Ukinunua mpya, linganisha mpangilio wa pini na wa zamani kabla ya kuchomeka. Soketi zinafanana, mpangilio haufanani.

Hatua ya tano: wanyonyaji wa usiku na mzigo wa mchana

Zima funguo, fungua waya wa hasi wa betri. Mita kwenye 10A na waya mwekundu wa mita uhamie tundu lake. Ncha moja kwenye nguzo hasi, nyingine kwenye waya uliofunguliwa. Usiwashe funguo wala kugusa selfu mita ikiwa hapo. Pikipiki ya kabureta isiyo na alamu inatakiwa kusoma 0.00.

Bodaboda nyingi za mkopo zina kifaa cha kufuatilia mahali ilipo. Kikila miliampea 50 mfululizo, kwa saa 24 kimekula 1.2Ah; betri ya 5Ah iliyolala bila kuendeshwa itakwisha ndani ya siku nne hivi. Si ubovu, ni hesabu. Lakini ukisoma kitu na hakuna kifaa cha ziada, chomoa rektifaya. Unyonyaji ukikoma, dayodi yake inavuja.

Mchana angalia mzigo. Spoti mbili za wati 20, redio, chaja ya simu ya wati 10: hapo umeshaongeza wati zaidi ya 50, zaidi ya ampea 4, juu ya taa ambazo mtengenezaji alizipangia. Kwenye foleni, resi ya chini, mguu kwenye breki, pikipiki ndogo haiwezi kulipa deni hilo. Zima spoti mchana, au weka za wati ndogo.

Ile pikipiki tuliimaliza hivi: nilikata waya mweupe pande zote hadi nilipokuta shaba inayong'aa, nikaunga kipande kipya cha unene uleule kwa kulehemu na risasi, nikaweka soketi mpya yenye pini zinazobana, nikaihamisha mbali kidogo na joto la injini. Kipimo cha kuvuka pini kilisoma sifuri. Betri ile ya pili, iliyokuwa inasubiri kutupwa, ililala kwenye chaja ya nusu ampea usiku kucha. Asubuhi nikaandika kwa maka peni ndani ya kifuniko cha betri: 12.7 imelala, 13.1 resi ya chini, 14.2 resi ya juu. Masika yakipita anafungua kifuniko, anapima tena na kulinganisha na namba hizo.